Buibui mrukaji kwa kamera ya mfukoni

Ndugu, umesema kila ukimsogelea buibui mrukaji wa dirishani kwa kamera yako ndogo, picha inatoka na ukungu. Usiitupe kamera. Weka kwenye alama ya ua, ile picha ya kiua ya kupigia vitu vya karibu, na usivute zumu, maana kamera nyingi za aina hiyo huona karibu zaidi zumu ikiwa haijavutwa. Bonyeza kitufe nusu, ukishikilie, kisha sogea wewe mwenyewe mbele na nyuma polepole. Macho mawili makubwa ya mbele yakikaa sawa, malizia kubonyeza. Piga hata hamsini. Macho yakiwa makali, miguu ikififia si neno.

Mwanga ndio kazi hasa. Flashi tupu humfanya ang'ae kama bati, kwa hiyo ifunike kwa kipande cha tishu nyeupe. Mfuate asubuhi kungali baridi, hapo huwa mzito kidogo. Na usimkimbize! Tulia, atageuka mwenyewe akutazame usoni. Raha ya mdudu huyu ni hiyo. Ukimwona anagusisha tumbo ukutani, anabandika uzi wake kabla ya kuruka: piga sasa hivi.