Fyuzi ya Kijani Mahali pa Buluu

SWALI: Mhariri, ninaendesha gari dogo lililotoka Japani likiwa limekwisha kutumika, nami husafiri nalo kila wiki kati ya Jinja na Kampala. Mwezi uliopita tundu la kuchajia simu lilikufa njiani. Fundi mmoja pale Lugazi alitoa fyuzi ya buluu iliyoungua akaweka nyingine kama hiyo, nayo ikaungua kabla sijauvuka msitu wa Mabira. Niliporudi kwake aliweka ya kijani, na hiyo inadumu mpaka leo, ila kila nikichaji simu nasikia harufu ya plastiki. Je, niiache?
Msomaji, Jinja

JIBU: Usiiache, ndugu yetu, na mpaka utakapoitoa usichomeke kitu chochote katika tundu hilo. Fyuzi ya buluu ni ya ampea 15, na ya kijani ni ya ampea 30. Wengi hudhani kwamba fyuzi imewekwa kwa ajili ya chaja au redio, kumbe kinacholindwa kwanza ni waya unaopita nyuma ya dashibodi, na namba ya fyuzi huchaguliwa kwa kufuata unene wa waya huo. Umeme unaopita ukiongezeka mara mbili, joto katika waya huongezeka mara nne; kwa hiyo fundi wako hakutibu ugonjwa, alimwondoa mlinzi.

Jambo la kujiuliza ni umeme huo unakwenda wapi. Chaja ya kawaida ya simu, katika gari la volti 12, haihitaji hata ampea 2, ilhali kwako ya 15 inakatika na ya 30 inabaki. Ninayemshuku kwanza ni chaja yenyewe. Chaja nyingi za bei ndogo zina pete ya chuma inayofungwa kwa kuzungushwa kwenye ncha yake; pete hiyo hulegea kwa mitikisiko ya barabara, na ukiivuta chaja, pete hubaki ndani ya tundu, ikigusa huku na huku na kupiga shoti. Sarafu ndogo iliyodondokea humo hufanya vivyo hivyo.

Zima gari, toa ufunguo, kisha ng'oa fyuzi ya kijani kwa kile kibanio cha plastiki ambacho mara nyingi hukaa ndani ya kisanduku cha fyuzi. Maandishi ya Kijapani kwenye kifuniko yasikutishe, kwa sababu namba ni zilezile, na fyuzi ya tundu hilo mara nyingi huandikwa CIG, kifupi cha neno la Kiingereza la kiwasha sigara. Ndipo umulike tundu kwa kurunzi na kutoa chochote utakachokuta. Rudisha fyuzi ya 15, yenye umbo lilelile; ukienda Kisekka, soko la vipuri vya magari kule Kampala, kuitafuta, nunua tatu au nne, kwani bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kurudi.

Ikiwa fyuzi ya 15 itakatika tena hata chaja isipochomekwa, au harufu ikabaki, usiweke nyingine. Ngozi ya waya huenda imekwisha kuyeyuka katika siku hizi za fyuzi ya kijani, na hapo anahitajika fundi umeme wa magari aifungue dashibodi na kuufuata waya huo kutoka kwenye tundu hadi kwenye kisanduku.