Wasomaji Wauliza: Inzi Anayetaga Ndani ya Stroberi Kabla Hazijaiva

Msimu huu wa mvua barua nyingi za wakulima wa stroberi na rasiberi zimeleta malalamiko yanayofanana, yaani matunda yanayoonekana mazima asubuhi na kukutwa yamebonyea jioni. Tumechagua maswali manne yanayokamilishana, na tunamwomba msomaji ayasome kwa mfuatano, kwa sababu jibu la tatu halina maana kwa mtu ambaye hajafanya kazi inayoelezwa katika la kwanza na la pili.

Swali: Ndugu Mhariri, ninalima stroberi kwenye matuta ya mlimani huku Kabale. Tangu mvua za Septemba zianze, matunda hulainika na kutoa maji siku moja tu baada ya kuchumwa, na nikiyapasua ninakuta funza weupe wadogo sana. Kaka yangu anayelima maembe Luweero alinipa mitego yake ya inzi wa matunda. Niliitundika shambani kwa wiki kadhaa, lakini haikunasa kitu. Je, tatizo langu si inzi? — Mkulima, Kabale

Jibu: Dada mkulima, mitego uliyopewa haina kasoro, ila ilitengenezwa kwa ajili ya mdudu mwingine. Inzi wa maembe mwenye asili ya Asia, Bactrocera dorsalis, ambaye aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na baadaye akaenea katika sehemu kubwa ya Afrika, anakaribia ukubwa wa inzi wa nyumbani, na dume lake huvutwa na harufu ya methili eujenoli inayowekwa katika mitego hiyo. Inzi wanaoingia katika stroberi ni wa ukoo tofauti kabisa, wana urefu wa milimita 2 hadi 3 tu, na harufu hiyo haiwaiti. Mtego wako mtupu, kwa hiyo, haukuwa ushahidi kwamba shamba ni salama.

Mdudu wa kutafutwa kwanza ni Drosophila suzukii. Asili yake ni Asia ya Mashariki, na alipewa jina hilo la kisayansi na Mjapani Matsumura mwaka 1931. Mwaka 2008 alionekana California, Hispania na Italia karibu kwa wakati mmoja, na mwaka 2019 alinaswa nchini Kenya. Sisemi kwamba ndiye aliye shambani kwako, kwa kuwa hilo linathibitishwa kwa kumtazama mdudu mwenyewe na si kwa barua. Lakini mdudu anayesafiri akiwa yai ndani ya tunda zima hawezi kuzuiwa na mpaka, na mkulima wa Uganda anayengoja tangazo ndipo aanze kuchunguza atakuwa amechelewa.

Kinachomtofautisha na inzi wadogo wa kawaida, wale wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi jikoni, ni wakati anaochagua kutaga. Inzi wa kawaida hufuata tunda lililokwisha kupasuka au kuoza, ambalo mkulima ameshalipoteza. Jike la suzukii lina mrija wa kutagia wenye meno kama ya msumeno, na kwa huo hukata ngozi ya tunda zima linaloanza kugeuka rangi, akaweka yai ndani na kuondoka. Katika maisha yake anaweza kutaga mayai mia kadhaa. Yai huanguliwa ndani ya siku 1 hadi 3, funza hula nyama ya tunda kutoka ndani, na katika joto la nyuzi 20 hadi 25 kizazi kizima hukamilika kwa siku 10 hadi wiki mbili hivi. Wenzetu wa Ulaya hupata nafuu wakati wa majira ya baridi, idadi ya inzi inapopungua sana. Sisi hatuna majira hayo. Kabale, iliyo juu ya mita 1,800, ina ubaridi unaopendwa na stroberi na ina unyevu unaopendwa na inzi huyu, na matunda yapo karibu mwaka mzima.

Funza hawatambuliki kwa macho, kwa hiyo inabidi uwalee mpaka wawe inzi. Chuma matunda yanayoanza kuiva na yasiyo na jeraha, yaweke kwenye chombo chenye karatasi ya kunyonya maji chini, kisha funika mdomo wa chombo kwa kitambaa kilichofumwa kwa karibu sana ili inzi wa nje wasiingie kutaga humo na kukupotosha. Baada ya wiki mbili hivi watakuwa wametoka. Tumia lenzi ya kukuzia umtazame dume: ana macho mekundu, doa moja jeusi karibu na ncha ya kila bawa, na vichana viwili vyeusi kwenye kila mguu wa mbele. Jike halina madoa hayo, na kumtambua kwa mrija wake kunahitaji darubini. Ukiona inzi mwenye mistari myeupe inayopita kichwani hadi mgongoni, huyo ni Zaprionus, mwenyeji wa Afrika, ambaye mara nyingi hufika baada ya tunda kuharibiwa na mwingine.

Hao waliotoka waweke kwenye kichupa chenye spiriti ya asilimia 70, andika tarehe, zao na kijiji, kisha umkabidhi afisa kilimo wa wilaya au uwapelekee watafiti wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo Uganda. Kwako kituo cha Kachwekano kipo karibu, na walio upande wa Kampala wana maabara za Kawanda. Tafadhali usisafirishe inzi walio hai wala matunda yenye funza kutoka wilaya moja hadi nyingine, hata kama unakwenda kuomba ushauri.

Swali: Nina ekari moja ya stroberi Wakiso. Nimesikia kwamba siki hunasa inzi hawa. Mtego hutengenezwaje, na nikikuta inzi wangapi ndipo nipulizie dawa? — Msomaji, Wakiso

Jibu: Sehemu ya kwanza ya swali lako ni rahisi. Chukua chupa ya plastiki yenye kifuniko, toboa matundu kama 10 ya milimita 4 au 5 karibu na juu, na uache upande mmoja bila matundu ili uweze kumwaga kilichomo bila kumwagikiwa. Tia siki ya tufaha kiasi cha kimo cha sentimita chache, pamoja na tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo hufanya inzi azame badala ya kusimama juu ya maji. Siki nyeupe ya bei nafuu ina mvuto mdogo. Ukiweza kuchanganya siki na mvinyo mwekundu, mvuto huwa mkubwa kuliko wa kila kimoja peke yake. Asiyepata siki ya tufaha anaweza kutumia kijiko kikubwa kimoja cha hamira na vinne vya sukari katika maji ya mililita 350 hivi. Mchanganyiko huu huvuta vizuri sana, ila hutoa povu na kuwa mzito, hivyo kuhesabu wadudu kunachosha.

Tundika mtego kivulini, kwenye kimo cha matunda yenyewe, kabla matunda hayajaanza kubadilika rangi. Weka angalau mmoja ukingoni, hasa upande wenye vichaka, na mwingine katikati ya shamba. Ukague kila wiki na ubadilishe chambo, na kile cha zamani usikimwage shambani, kwa sababu utakuwa umeita inzi waje pale pale usipotaka wawepo.

Sehemu ya pili ya swali ndiyo inayopotosha wengi. Hakuna idadi ya inzi mtegoni ambayo chini yake unaweza kusema shamba liko salama. Matunda yanapoiva kwa wingi, harufu yake hushindana na siki, na mara nyingi huishinda, kwa hiyo mtego unaweza kunasa inzi wawili huku maelfu ya mayai yakiwa ndani ya matunda. Mtego unakueleza kwamba mdudu amefika, na hapo kazi yake inaishia. Inzi mmoja aliyethibitishwa, wakati matunda yanaanza kuiva, anatosha kukufanya uanze hatua zote zinazoelezwa katika jibu linalofuata.

Kiwango cha uharibifu kinapimwa kwenye tunda lenyewe. Kila unapovuna, chagua matunda mazima kutoka sehemu mbalimbali za shamba, yakiwemo ya chini ya majani. Yabonyeze kidogo ngozi ipasuke, yaweke kwenye sahani ya rangi nyeusi, na uyafunike kwa maji ya chumvi, kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe cha maji. Baada ya dakika 15 hadi 30 funza hutoka na kuonekana. Andika idadi ya matunda uliyopima na idadi ya funza, pamoja na tarehe, katika daftari moja. Daftari hilo litakuonyesha kama juhudi zako zinapunguza tatizo au la, jambo ambalo chupa ya siki haiwezi kukuonyesha.

Swali: Muuzaji wa dawa ameniambia nipulizie kila baada ya siku tatu. Nimefanya hivyo kwa mwezi mzima na funza wapo vilevile. Ninalima rasiberi karibu na Fort Portal, na pembeni ya shamba kuna msitu wenye nkenene za porini, beri za jamii ya rasiberi. Nifanye nini? — Mkulima, Fort Portal

Jibu: Ndugu mkulima, acha kwanza ratiba hiyo. Dawa nyingi zinazotumika humuua inzi mzima anayeruka, ilhali yai na funza vimo ndani ya tunda, na pupa, yaani hatua iliyo kati ya funza na inzi, hupatikana ndani ya tunda au kwenye udongo. Unapopulizia leo, kizazi kingine kinatoka keshokutwa kutoka kwenye matunda yaliyoanguka chini ya mimea yako mwenyewe. Isitoshe, rasiberi huchumwa kila mara, na kila dawa ina muda wa kusubiri kabla ya kuvuna ulioandikwa kwenye kibandiko. Anayepulizia kila siku tatu na kuchuma kila siku mbili anamuuzia mlaji dawa, na jambo hilo halikubaliki hata kidogo.

Kazi kubwa ni ya mikono. Chuma kila siku moja au mbili, na uchume kila kinachoiva, hata kile ambacho soko halikitaki, kwa sababu tunda lililoachwa kwenye mmea ndilo shule ya inzi wa wiki ijayo. Wape wachumaji vyombo viwili, kimoja cha matunda ya kuuza na kingine cha yaliyolainika, yaliyopasuka na yaliyoanguka. Hayo ya pili yasitupwe kwenye shimo la mboji wala kufukiwa juujuu, kwa maana inzi hutoka vizuri tu kwenye udongo mchache. Yafunge kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) nene isiyo na tundu na uiache juani kwa siku kadhaa mpaka kilichomo kiive kwa joto. Katika wiki za mawingu, ambazo Fort Portal inazo nyingi, yachemshe na uwape nguruwe siku hiyohiyo.

Pogoa mimea ili upepo na mwanga vipite, kwa sababu inzi huyu hupenda kivuli chenye unyevu. Ukimwagilia, tumia matone kwenye mizizi badala ya kunyunyizia juu. Kuhusu nkenene za porini, ni kweli kwamba inzi huzaliana humo na kurudi kwako, lakini sikushauri ufyeke msitu. Fyeka vichaka vinavyogusa shamba, weka mitego mingi zaidi upande huo, na zungumza na majirani wenye mapera na miforosadi ili nao waokote yanayoanguka. Shamba moja safi katikati ya mashamba machafu halitafika mbali.

Ukiwa na mtaji, wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1 huzuia inzi kuingia, mradi ufungwe kabla matunda hayajabadilika rangi na mlango wake uwe wa tabaka mbili. Kumbuka tu kwamba nyuki nao hawatapita, kwa hiyo katika rasiberi inayochanua na kuzaa kwa pamoja lazima upange uchavushaji mapema.

Dawa ina nafasi yake baada ya haya yote, daftari linapoonyesha kwamba funza wanaongezeka. Tumia iliyosajiliwa na Wizara ya Kilimo kwa matumizi ya aina hiyo, pulizia jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na ubadilishe kundi la dawa kila kizazi. Huko Watsonville, California, ambako wakulima wa rasiberi walitegemea sana spinosadi, watafiti walikuta inzi ambao dawa hiyo haiwaui tena kwa urahisi. Piretroidi, kundi jingine la dawa za wadudu, nazo huua utitiri walinzi wanaokula utitiri waharibifu, na baada yake utitiri mwekundu unaoshambulia mimea hulipuka shambani. Italia na Marekani zimeanza kuachia kijinyigu kiitwacho Ganaspis, kinachotaga ndani ya funza wa suzukii, lakini hiyo ni kazi ya serikali na watafiti baada ya majaribio marefu, na mkulima asithubutu kuagiza mdudu wa namna hiyo kwa njia zake mwenyewe.

Swali: Je, stroberi zenye mayai zinaweza kuokolewa baada ya kuchumwa, na je, mtu akizila atadhurika? — Mfanyabiashara wa matunda, Mbarara

Jibu: Funza hawa hawajulikani kumdhuru mlaji, ila mnunuzi aliyewaona mara moja harudi kwako. Ukipoza matunda mara tu yanapochumwa hadi nyuzi 1 au 2, na kuyaweka hapo kwa siku 3 au zaidi, mayai mengi na funza wachanga hufa, na waliobaki hawakui. Friji ya dukani inayofunguliwa kila dakika haifikii kiwango hicho, kwa hiyo weka kipimajoto ndani na ukisome. Ulaini ukishaonekana, kupoza hakurudishi tunda katika hali yake. Jemu itengenezwe kwa matunda yaliyopimwa kwa maji ya chumvi na kuonekana safi, na yale yaliyokwisha kuvuja yaende kwenye kaveera pamoja na masalia ya shambani.