Kikao cha peke yako au cha kikundi?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukienda kwa mshauri nasaha wa chuo mambo yako yatafika nyumbani Malindi. Anza na kikao cha peke yako, wewe na mshauri tu. Mshauri anabanwa na maadili ya kazi yake kutunza siri, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Muulize hilo mwanzo kabisa. Kikundi kinafaa sana kwa upweke, msiba au hofu ya mitihani, maana unamsikia mwenzako akisema lile lililokukaba kooni. Lakini humo siri inashikwa na ahadi ya wenzako tu, na kwetu mtaani Shela tunajuana sote, kwa hiyo ya familia mwambie mshauri. Usiku ukilemewa piga 1199, Msalaba Mwekundu, ni bure. Nenda wiki hii, tafadhali.