Uliza Ujibiwe: Moto kichaa umetukimbiza

SWALI: Shikamoo mjomba. Sisi vijana 14 huku Pangani upande wa Mkwaja tumeunda kikundi cha kuzima moto kwa kujitolea, maana kila kiangazi kikishika kuna mtu anaandaa shamba au anarina asali moto unamponyoka, unakula minazi, unakula mikorosho, mpaka uani kwa watu, na gari la zimamoto mpaka litoke mjini likifika linakuta majivu. Mwenyekiti wa kitongoji katubariki. Tuna mapanga, mafyekeo matano na mabomba mawili ya kupulizia dawa mikorosho. Mara ya mwisho tulijipanga mbele ya moto tukaanza kuupiga na matawi, tukakimbizwa kama kuku, mwenzetu akaungua mguu. Sasa mazoezi tuanze na nini? Usituambie tununue vitu, hela hatuna.

JIBU: Marahaba wanangu, na mpeni pole mwenzenu. Siwaambii mnunue kitu, maana kilichowakimbiza sio uhaba wa vifaa, ni pale mliposimama. Moto wa porini una kichwa, mbavu na mkia. Kichwa ndo kule upepo unakousukuma, na nyie ndo mkaenda kusimama hukohuko na matawi yenu! Ndimi zikishafika kifuani, kama mita 1.2 hivi, hamna tawi wala panga litakalosaidia kwa mbele. Mnaanzia mkiani, mahali ambapo pameshaungua au penye barabara au mto, alafu mnagawanyika mnapanda na mbavu zote mbili mnaubana taratibu mpaka kichwa kinakonda. Na mnatembea mkiambaa palipoungua, kwa sababu palipoungua kabisa hapaungui mara ya pili, likitokea la kutokea ndo kimbilio lenu. Penye mlima ndo kabisa msithubutu kukaa upande wa juu wa moto, moto unapanda mbio kuliko mtu, mimi nlishawahi kukimbia kupandisha korongo kule Muheza nikiwa kijana na mpaka leo nikisikia majani makavu yanalia nageuka nyuma.

Mazoezi sasa. Nendeni uwanja wa mpira jioni, mwageni majivu mchore umbo la moto, kichwa, mbavu, mkia. Mmoja wenu awe upepo. Wengine mjipange mkiani, kila mtu mita 3 kutoka kwa mwenzie ili panga lisimkute mtu, mfanye kama mnapiga, na huyo upepo wakati wowote anaotaka anapiga kelele "umegeuka!" hapo kila mtu atupe alichobeba akimbilie palipoungua, mwisho mnahesabiana vichwa. Mara ya kwanza mtacheka na mtagongana. Rudieni mpaka watu 14 wafike bila kugongana na bila mtu kuuliza aende wapi. Na msidhani huo upepo ni mchezo tu, waulizeni wavuvi wenu hapo watawaambia, asubuhi upepo wa umande unavuma kutoka bara, jua likipanda unageuka unatoka baharini, kwahiyo ubavu wa saa tatu asubuhi unaweza kuwa kichwa saa saba.

Kuna mzima moto wa Marekani, Paul Gleason, mwaka 1991 aliweka mambo manne ambayo mpaka leo wazima moto wa porini wanafundishwa: awepo mlinzi anayeutazama moto tu, yawepo mawasiliano, ijulikane njia ya kutokea na ijulikane sehemu salama. Yote manne hayana bei. Filimbi ya refa inatosha, au hata debe. Ila mkubaliane kabisa, mlio mrefu maana ake ondokeni, na hamna kubishana na mlinzi hata kama ni mdogo wako.

Mabomba yenu ni mazuri sana, tatizo dawa. Suuzeni mara tatu kabla ya kiangazi, maana hutaki kuvuta mvuke wa dawa ya wadudu huku umeinama kwenye moshi. Mwenye bomba anafuata nyuma ya wanaopiga, anamwagia shina la moto sio ndimi, lita 16 zinaisha upesi mno ukimwagia hewani. Kwenye kulima barabara ya moto, yaani ule ukanda mtupu wa kuuzuia moto usivuke, fyekeo peke yake halitoshi, mnafyeka alafu mnakwangua na jembe mpaka udongo uonekane, upana walau mara moja na nusu ya urefu wa majani, mkiweza mara mbili. Wataokuja kuwaambia muwashe moto mwingine wa kukutana na huo, waambieni asante, hiyo ni kazi ya waliosomea.

Nguo, jamani, jezi za mpira acheni nyumbani! Nailoni inayeyuka inagandia ngozi. Vaeni jinzi na shati la pamba la mikono mirefu, hata la mtumba lililochakaa, na viatu vya ngozi, sio kandambili wala mabuti ya mpira. Mtu akiungua ni maji safi ya kawaida yakitiririka dakika 20, sio dawa ya meno. Na kabla hamjatoka mmoja apige 114 hata kama mnajua gari litachelewa.

La mwisho, na hapa ndo vikundi vingi vinafeli. Moto ukilala watu wanaenda kulala. Sisi tuliacha kisiki cha mnazi kinatoa kamoshi kembamba tu, tukakidharau, siku ya tatu upepo ukaja tukaanza upya. Kisiki cha mnazi ni kama sigara, kinaungua ndani kwa ndani huku nje kimetulia. Kila kisiki, kila gogo, sogeza mgongo wa kiganja karibu bila kugusa, ukihisi joto fukua, mwagia, koroga na udongo, sogeza tena. Wekeni zamu ya usiku pia.

SWALI: Mimi ni dada wa Bagamoyo, kijijini kwetu kikundi cha moto wameniambia kazi yangu kupika uji na kuchota maji. Ni sawa kweli?

JIBU: Maji sio kazi ndogo mdogo wangu, mtu kwenye joto lile anahitaji kama lita nzima kwa saa na akiishiwa anaanguka. Ila kupangiwa kwa sababu ni mwanamke hapo wamekosea, na wao ndo wanaopata hasara. Waombe filimbi. Mlinzi anatakiwa mtu mwenye macho, mtulivu, asiye na hamu ya kuonekana shujaa, na kwa ninavyowajua vijana wetu huyo ni wa kutafuta. Fanya nao mazoezi yote, jembe na reki ushike, na uji mpike kwa zamu.