Jibu: talent, skill au ability kwenye barua ya kazi?
Mkuu, umeuliza kwenye barua ya kuomba kazi uandike talent, skill au ability, na kama worth nayo inaingia humo. Skill ndiyo salama: ni ujuzi uliojifunza na unaweza kuuthibitisha. Talent ni kipaji, kitu cha kuzaliwa nacho. Kujiita "talented" mwenyewe kunasikika kama majigambo, waachie wadhamini wako waseme. (Neno lenyewe lina historia tamu: talanton ya Kigiriki ilikuwa kipimo cha uzito, baadaye fedha, na maana ya kipaji ikatokana na ule mfano wa talanta katika Mathayo 25.)

Ability ni uwezo kwa jumla. Wengi huteleza kwenye sarufi yake: tunasema "able to drive" lakini "capable of driving". Ukiandika "capable to drive", msomaji makini ataliona kosa hapo hapo.

Worth iache kabisa. Hiyo ni thamani ya mtu kama mtu, haina cheti, na "I know my worth" husomeka kama umeanza kudai mshahara kabla hujaitwa kwenye usaili.