Kabla ya kununua hisa ya teknolojia, fungua ripoti ya kampuni yenyewe

Wageni wengi wa soko huanza na grafu ya bei. Grafu inaonyesha watu walilipa kiasi gani jana. Pesa za kampuni zinatoka wapi, haisemi. Kwa kampuni za Marekani, anzia EDGAR, hifadhi ya bure ya nyaraka ya SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa nchini humo. Andika jina la kampuni, kisha fungua 10-K, yaani ripoti ya mwaka. Ni ndefu, na si lazima uimalize. Soma maelezo ya biashara na vihatarishi, kisha ruka hadi mtiririko wa fedha.

Vihatarishi vingi ni maneno ya wanasheria yanayorudiwa kila mwaka. Fungua ripoti ya mwaka uliotangulia pembeni, utafute kilichoongezwa. Angalia pia kama yupo mteja mmoja anayeleta asilimia 10 au zaidi ya mapato. Kampuni hulazimika kusema yupo, hata isipomtaja jina, na akiondoka, mauzo huporomoka naye.

Hapa kwenye fedha ndipo wengi hukosea. Kampuni za teknolojia hupenda kutangaza faida "iliyorekebishwa", ambayo mara nyingi imeondolewa gharama ya hisa wanazopewa wafanyakazi. Gharama hiyo ni ya kweli, na anayeibeba ni wewe, maana kipande chako cha kampuni kinapungua. Tuseme hisa zimeongezeka kutoka milioni 200 hadi milioni 208 na faida imepanda kwa asilimia 4: faida kwa kila hisa haijasogea hata kidogo. Kwa hiyo chukua pesa iliyotokana na uendeshaji, toa iliyonunua mitambo na majengo, kisha toa na thamani ya hisa za wafanyakazi. Fanya hivyo kwa miaka mitano mfululizo. Jibu likiwa hasi kila mwaka, kampuni inaishi kwa pesa za wawekezaji.

Ukishanunua, fuatilia 10-Q, yaani ripoti za robo mwaka, ukilinganisha robo na robo kama hiyo ya mwaka jana. Chunga kalenda: Microsoft hufunga mwaka wake 30 Juni, Apple mwishoni mwa Septemba, Nvidia mwishoni mwa Januari. Na usishangae matokeo mazuri yakifuatwa na anguko. Februari 2022 Meta ilitangaza mapato ya robo yaliyopanda kwa takriban asilimia 20, lakini makadirio ya robo iliyofuata yalikuwa dhaifu. Kesho yake hisa ilishuka asilimia 26.

Bei ikionekana kukatika ghafla, hakikisha kwanza si mgawanyo wa hisa. Nvidia iligawa kila hisa moja kuwa 10 mwezi Juni 2024.

Wakurugenzi wakinunua au kuuza hisa za kampuni yao, Fomu 4 hutoka ndani ya siku mbili za kazi. Kuuza kuna sababu nyingi, na mara nyingine kumepangwa miezi kabla. Kununua kwa pesa ya mfukoni kuna uzito zaidi. Fomu 13F, inayoonyesha wawekezaji wakubwa wanamiliki nini, inaruhusiwa kuchelewa hadi siku 45 baada ya robo kuisha. Huenda unayemwiga alishauza.