Barua kwa mwanangu: vitakauka wapi?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unauliza uendelee kununua tishu za maji na karatasi za jikoni za kufutia uji, mikojo na matapishi ya hao watoto, au ukate mashuka ya zamani upate vitambaa vya kufua. Unataka nikwambie kipi nafuu. Mimi nakuuliza: hivyo vitambaa vitakauka wapi? Unakaa ghorofa ya tatu, roshani moja, nayo imeelekea ukuta wa jirani. Kitambaa bila jua ni uchafu uliolowa tu. Nililisema hilo kabla hujazaliwa na leo nalisema tena.

Kaka yako alizaliwa mwanzoni mwa 1983, mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi. Habari za foleni mmezisikia, sizirudii. Mche wa sabuni ulikuwa bahati; zamu yako ikifika, imekwisha. Nepi zake nilizikata kwenye kitambaa cha marekani, nikawa nazifua kwa majani ya mpapai. Unayaponda, unasugua, povu kidogo linatoka. Uchafu uliondoka, lakini weupe haukurudi. Siku ya Idi, nyumba imejaa wageni, shangazi yenu mkubwa akamnyanyua mtoto mbele ya watu akasema, "Huyu mbona kafungwa dekio?" Wakacheka. Na mimi nilikuwa nimeamka alfajiri kuzifua hizo nepi ili mtoto apokee wageni msafi. Shangazi yenu tumeshamzika, dua namwombea, lakini neno lile halijanitoka.

Bibi yenu hakumjibu. Aliingia chumbani, akatoka na upande mmoja wa doti yake mpya ya Idi, doti aliyoipangia foleni mwenyewe, akauchana palepale katikati ya wageni, akaniwekea vipande mapajani. Kanga mpya, mwaka ule! Hakuna aliyecheka tena. Nepi laini kama zile sijapata kuziona, na jua la Tanga lilizikausha kabla sijamaliza kukamua za mwisho.

Basi moyo wangu unajua uko wapi. Lakini ngoja. Mwaka ule mtu angeniletea pakiti ya pampasi ningeikataa? Ningeipokea kwa mikono miwili na kumwombea kheri. Halafu tusifichane anayefua ni nani. Vitambaa husifiwa sebuleni, vikafuliwa uani na dada wa kazi. Ukiamua vitambaa, usimtwishe yule binti ndoo ya matapishi huku umemwachia jiko na mtoto mgongoni. Na maji je? Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua mkapewa maji kwa mgawo, ulinipigia hujui uogeshe watoto au uoshe vyombo. Siku kama zile hata mimi ningekwambia nunua karatasi.

Lakini hizo tishu za maji nazo! Nyingi zina nyuzi za plastiki, haziyeyuki majini kama karatasi ya chooni. Mkizitumbukiza chooni zinakwenda kukaa shimoni, gari la kunyonya likija mpira unaziba. Mkizitupa ovyo, masika inazisukuma mtaroni pamoja na pampasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, tukarudi kwenye vikapu na sokoni tunakwenda vilevile. Hizi zimebaki, na kila nyumba yenye mtoto inatoa fungu lake kila siku.

Uji uliomwagika, maziwa, mikono iliyojaa wali: hiyo kwangu ni kazi ya kitambaa, sioni kwa nini mtu ailipie kila siku. Mtoto akiharisha au kutapika, hapo nalegea. Zoa kwa karatasi, funga, tupa, piga deki kwa maji yenye dawa ya klorini, kisha unawe mikono kwa sabuni. Chanjo ya rota mnayo tangu 2013, sisi hatukuwa nayo, lakini kuhara hakujaisha. Kitambaa cha meza kisikutane na cha sakafu. Vishonee uzi wa rangi mbalimbali pembeni ili hata mgeni asikosee. Na kisilale ndooni kimelowa usiku kucha, ndipo vijidudu vinapozaana. Jua, mwanangu, jua. Roshani ikikosa jua, mwombe mwenye nyumba akuruhusu kufunga kamba juu ya paa. Wapangaji wenzio watakushukuru.

Uamuzi ni wako na mkwe wangu, nyumba ni yenu. Siamui mimi. Ila lile shuka la bluu la kitanda cha wageni nimeshalikata na kulipinda pembeni, na kesho asubuhi namkabidhi kondakta wa basi. Nenda stendi mchana ukachukue mzigo, na umbusu mume wangu mdogo, umwambie bibi anamsalimu.

Mama yako